Kipakatalishi Kidogo au Kikubwa? Kila Mwamba Ngoma

Mpenzi msomaji wa jarida letu, niko tayari, kalamu mkononi, kukufafanulia jambo ambalo mwaka uliopita lilitutoa jasho nyumbani kwetu hapa Voi kuliko hata jua la Januari. Jambo lenyewe ni hili: mtu akitaka kununua kipakatalishi, yaani ile tarakilishi ya kupakata ambayo huku mitaani twaiita laptopu tu, achukue kidogo au kikubwa?

Huenda ukacheka. Utasema, "Si achukue ile anayoipenda, yaishe?" Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Soma hadi mwisho, utaona ni nani aliyekuwa akiivuta ngozi.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Dada yangu aliufanya mtihani wa KCSE akapita vyema, akaitwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi, juu milimani karibu na Wundanyi, kusomea uhandisi wa madini. Chuo hicho kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2016. Si ajabu kwamba kinafundisha mambo ya madini, kwa maana kaunti yetu ina vito vingi, kikiwemo kile cha kijani kiitwacho tsavorite, ambacho jina lake latokana na Tsavo yetu hii hii.

Furaha ilikuwa kubwa. Mama aliuza mbuzi watatu, akaongeza pesa zake za chama, akaziweka mezani: shilingi 28,000. "Hizi ni za laptopu," akasema. "Zikiisha, zimeisha."

Dukani mjini tulikuta mbili zilizotufaa kwa bei, zote za mitumba kutoka Ulaya. Ndogo ilikuwa ya inchi 11.6, bei yake shilingi 16,500. Kubwa ilikuwa ya inchi 15.6, bei yake shilingi 27,000. Tofauti ni shilingi 10,500.

Sasa nikwambie siri. Wakati huo nilikuwa na deni la pesa za chakula cha mchana shuleni, shilingi 7,500, na nilikuwa nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili yake. Hesabu ilikuwa rahisi mno. Ikinunuliwa ndogo, deni langu lalipwa na chenji yabaki. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma somo la kompyuta, mama alikuwa ameniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe unayezijua hizi. Twende uziangalie, kisha utuambie." Nikaenda nikiwa tayari nimeshaamua.

Jioni hiyo nilichukua daftari nikajaza ukurasa mzima sababu za kununua ndogo. Msomaji, hakuna sababu hata moja iliyokuwa ya uongo. Ndiyo maana nitazieleza hapa mojamoja, kisha nikuonyeshe niliyoyaacha.

INCHI HUPIMWA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba inchi 15.6 ni upana wa mashine. La hasha! Ni urefu wa kioo kutoka pembe moja ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, kimshazari. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo kioo cha inchi 11.6 kina mshazari wa sentimita 29.5 hivi, na cha inchi 15.6 kina sentimita 39.6.

Ukizitazama nambari hizo utaona tofauti ni ndogo. Lakini kumbuka ile kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa. Vioo vingi vya aina hii vina upana wa sehemu 16 kwa kimo cha sehemu 9. Ukipiga hesabu, kioo kidogo kina upana wa sentimita 25.7 na kimo cha sentimita 14.4, yaani eneo la karibu sentimita mraba 370. Kikubwa kina sentimita 34.5 kwa 19.4, yaani karibu sentimita mraba 670. Hiyo ni mara 1.8! Inchi nne tu zimekaribia kuongeza eneo maradufu. Kwa hivyo ukiwa dukani usidanganyike na inchi. Lilinganishe eneo.

UZITO NA SAFARI

Hapa ndipo mashine ndogo hujivunia. Ile yetu ya inchi 11.6 ilikuwa na kilo 1.2 hivi. Kubwa ilikuwa kilo 2.2, na chaja yake nene karibu nusu kilo. Jumla kilo 2.7. Ukitaka kuujua uzito huo, tia pakiti ya unga wa kilo mbili mkobani pamoja na vitabu, kisha ukapande mlima. Safari ya dada ni matatu kutoka Voi hadi Mwatate, kisha kupanda zile kona za kwenda Wundanyi, na mara nyingi mtu huupakata mkoba magotini kwa kukosa nafasi. Kipakatalishi kikubwa hakitaki kukandamizwa, maana kioo chake kipana hupinda na kupasuka upesi kuliko kile kifupi.

Ubishi huu wa uzito si wa leo. Mwaka wa 1981 iliuzwa tarakilishi iitwayo Osborne 1, iliyosifiwa kwamba inabebeka. Ilikuwa na kilo 11 hivi, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu! Mwaka wa 1995 kampuni ya IBM ilitoa ThinkPad 701 iliyokuwa ndogo, lakini ukiifungua kibodi yake iliyogawika vipande viwili hujikunjua na kutokeza nje ya kiwiliwili kama mbawa za kipepeo, ili vidole vipate nafasi. Mwaka wa 2007 ikaja Eee PC ya kampuni ya Asus, kioo inchi 7 na uzito chini ya kilo moja. Watu waliifurahia kwa bei yake, lakini ilionekana wazi kwamba mashine yaweza kupunguzwa, vidole na macho ya binadamu havipunguziki. Ndiyo sababu leo nyingi zinazouzwa ni za kati ya inchi 13 na 16.

UKUBWA WA PUA SI WINGI WA KAMASI

Jambo la tatu ni nukta. Kioo cha tarakilishi ni kama mkeka uliofumwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga. Vioo vingi vya bei nafuu vina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo. Zidisha: ni nukta milioni 1 na zaidi kidogo. Vilivyo bora vina 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2.

Kumbe basi, kioo kikubwa chenye nukta chache hakikuonyeshi mambo mengi zaidi. Hukuonyesha yale yale, ila yamenenepa. Kwa mtu mwenye macho dhaifu hiyo ni faida. Kwa mtu anayetaka kuona ramani nzima kwa mara moja, si faida. Kwa hiyo usiulize "inchi ngapi?" ukanyamaza. Uliza pia "nukta ngapi?" Ile kubwa ya dukani ilikuwa na 1,920 kwa 1,080, ndogo ilikuwa na 1,366 kwa 768. Hili niliandika kwa herufi ndogo sana daftarini, karibu na ukingo.

BETRI NI HESABU YA FIZIKIA

Nguvu iliyomo ndani ya betri hupimwa kwa wati-saa. Gawanya kwa wati zinazotumiwa na mashine, utapata saa. Kioo kikubwa humulika eneo kubwa, na prosesa yenye nguvu nayo hula zaidi.

Mwuzaji alituambia kubwa hukaa saa sita bila umeme. Mama akamtazama akasema, "Kijana wangu, mimi huuza mboga. Hata mimi husema sukuma zangu zimechumwa asubuhi." Tukacheka, lakini nilikumbuka alichotufundisha mwalimu wetu wa kompyuta. Katika Windows mna amri, powercfg /batteryreport, ambayo huandika ripoti ya betri: ilikuwa na uwezo gani ikiwa mpya, na sasa umebaki kiasi gani. Nikaomba niiandike. Kubwa ilizaliwa na wati-saa 48, zikabaki 29. Kwa matumizi ya wati 12 hivi, 29 ukigawanya kwa 12 ni saa 2 na dakika 25. Saa sita zilikwenda wapi? Ndogo ilikuwa na wati-saa 30 zilizobaki, na kwa matumizi ya wati 6 ni saa 5. Betri huzeeka kama sisi, na mashine ya mitumba lazima umuulize umri wa betri kabla ya kuusifu mwili wake.

Hili si jambo dogo kwetu. Umeme hupotea, na mtihani hausubiri umeme urudi. Tena baadhi ya mashine ndogo za kisasa hukubali kuchajiwa kwa waya kama wa simu, hata kwa benki ya umeme iliyo na nguvu ya kutosha, ilhali nyingi za kizamani zataka chaja yao maalumu ya volti 19 au 20.

VUMBI NA JOTO

Msomaji, wewe ni mwenyeji, wajua vumbi letu. Ni lile lile jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo mpaka wageni wakadhani wamezaliwa wekundu. Tarakilishi zilizo nyingi zina feni ndani. Feni huvuta hewa ili kupoza prosesa, na hewa ya Voi haiji peke yake. Vumbi likijazana kwenye matundu, joto hukosa pa kutokea, mashine hupunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe huanza kulalamika ati laptopu imelogwa.

Mashine kadhaa ndogo zina prosesa ya nguvu kidogo isiyohitaji feni. Hazina tundu la kuvuta vumbi wala hazipigi kelele. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa na kulipigia mstari mara mbili! Mwenye feni naye ana dawa: asiiweke mashine kitandani wala juu ya blanketi, aifunike kwa kitambaa isipotumika, na kila muhula ampe fundi aifungue na kuipuliza.

TUMBONI MWA MASHINE

Mpaka hapo daftari langu lilikuwa limeshinda. Nyepesi, bei nafuu, betri saa tano, haina feni. Mama akaanza kukubali. "Basi tuchukue hiyo ndogo," akasema, "na hizo zinazobaki tumalizie deni lako."

Dada alikuwa kimya. Kisha akauliza, "Na programu ya kuchorea itaingia humo?"

Alikuwa amewapigia simu wanafunzi waliomtangulia chuoni. Wakamwambia kwamba mhandisi hachori kwa rula peke yake siku hizi. Atatumia programu kama AutoCAD kuchora mashimo ya mgodi, ngazi, na mahali pa kupitisha hewa. AutoCAD za miaka hii huhitaji angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kazi, yaani ile nafasi ambayo tarakilishi hutandazia kazi inayoendelea, kama meza ya fundi cherehani. Meza ikiwa ndogo, kitambaa huanguka chini, na fundi hushinda akiokota badala ya kushona.

Ile mashine ndogo ilikuwa na gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64 tu. Tena chipu zote mbili zimechomelewa kwenye bodi, haziongezeki. Kubwa ilikuwa na gigabaiti 8, na nafasi ya kuongeza nyingine 8 siku pesa zikipatikana. Si kwamba kila kidogo ni dhaifu. Vipo vidogo vyenye nguvu nyingi, lakini bei yake hupanda, maana kubana vitu vingi katika nafasi ndogo na kuvipoza ni kazi ghali. Kwa pesa sawa, kikubwa ndicho ambacho mara nyingi huwa na tumbo.

Kuna na hili la programu-endeshi. Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, 64 za hifadhi, na prosesa isiyo ya kizamani sana. Mashine yenye 4 na 64 hasa imesimama ukingoni kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana kabla hata ya kuanza safari.

Sasa ungamo langu. Yale ya gigabaiti niliyaona dukani. Niliyasoma kwa macho yangu kwenye kile kibandiko. Nikayaruka.

Usiku ule sikulala vyema. Niliwaza, dada akifika huko na programu ikatae kufunguka, atauza nini? Mbuzi wamekwisha. Na itamlazimu kuazima mashine za wenzake miaka mitano. Asubuhi nilimkuta mama chini ya mwarobaini akifunga mboga mafungu mafungu. Nikamwambia yote.

Akaacha kufunga. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Deni lako ni langu mimi. Si la dada yako. Usimlipishe yeye." Akaendelea kufunga mboga. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Tulinunua ile kubwa. Mama alibishana na mwuzaji kwa ripoti ile ya betri mkononi, akapunguziwa shilingi 1,500. Mimi nilirudishwa nyumbani mara moja tena kwa sababu ya deni, kisha shule ikakubali tulipe kidogo kidogo. Tulimaliza muhula uliofuata.

JE, DADA ALIFURAHI?

Nisikufiche. Alipokuja likizo alilalamika. Mzigo ni mzito, kwa hivyo siku nyingi huiacha bwenini akaenda darasani na daftari. Betri haifiki saa mbili sasa. Maktabani huwahi mapema ili apate kiti kilicho karibu na soketi. Lakini alinifungulia mchoro wake wa shimo la mgodi, akauzungusha, akauingia ndani na kutoka, nao haukukwama hata mara moja. Akaniambia, "Ungeninunulia kale kadogo, hapa ningekuwa nalia." Hakujua. Mama hakumwambia. Nimemwambia mwenyewe kabla ya kuandika makala haya, manake sikutaka alisome jaridani. Akanipiga kofi la bega, kisha akacheka.

USHAURI KWA MSOMAJI

Kwanza anza na kazi, si mashine. Jiulize utafanya nini nacho, na uwaulize waliokutangulia katika kazi hiyo. Ikiwa ni kuandika insha, kusoma vitabu, kutuma barua pepe na kusafiri kila siku, kidogo chatosha na kitakupunguzia maumivu ya mgongo. Mwanafunzi wa ualimu au wa fasihi hana haja ya kubeba mzigo wa mhandisi. Ikiwa ni michoro, ramani, kuhariri filamu, au hesabu za biashara zenye safu nyingi, tafuta kikubwa. Vingi vya inchi 15.6 vina hata vibonyezo vya nambari vya peke yake upande wa kulia. Ikiwa kitakaa mezani siku zote, uzito si hoja.

Pili, kuna njia ya katikati. Inchi 14 ina kilo 1.6 hivi, huingia katika mkoba wa shule, na yaweza kuwa na gigabaiti 8 na nukta za kutosha. Dukani siku ile haikuwapo ya pesa zetu. Ukiipata, itazame mara mbili.

Tatu, angalia mambo manne kabla ya bei: kumbukumbu, hifadhi na kama vyaweza kuongezwa, nukta za kioo, na ripoti ya betri. Chomoa chaja ukiwa hapo hapo dukani, ukitumie robo saa. Andika kitu kwenye kibodi yake, uone kama vidole vyagongana. Kiinue kwa mkono mmoja pamoja na chaja yake. Mwuzaji akikataa, kwaheri.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mtazame na mshauri wako. Muulize, "Wewe utapata nini nikichukua hiki?" Sababu zangu zote za kutaka kidogo zilikuwa za kweli, na bado ushauri wangu ulikuwa mbaya, kwa kuwa niliyachagua ya kusema na nikayaficha mengine. Ukweli nusu waweza kumpotosha mtu kuliko uongo mzima, maana uongo hugunduliwa upesi.

Msomaji mpendwa, kengele ya masomo ya jioni imelia na wino waelekea ukingoni. Kalamu naiweka chini. Mwenye ngoma ya kuwamba, aikaze pande zote sawa, ndipo italia vizuri. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu